Mkunga na Maua Yake ya Baridi

Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwake, mjini Ibra, Oman, bibi arusi ambaye hina haijaanza kufifia mikononi, nilimwamkia, "Shikamoo, Mama." Aliacha kumimina chai. Alinitazama kuanzia kisigino mpaka utosini, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua.

"Marahaba," alisema. "Lakini mimi nimezaa mmoja tu, na ndiye huyo uliyekuja naye. Wewe niite kama wanavyoniita watu."

Watu walimwita Mkunga. Basi na mimi nikamwita Mkunga: kwenye chakula, mbele ya wageni, hata ndani ya dua zangu, miaka yote niliyokuwa mke wa mwanawe.

Nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake. Kazi alifundishwa Unguja akiwa msichana, akaja nayo Oman zama ambazo, kwa maneno yake, Ibra nzima ilikuwa na taa chache kuliko nyumba moja ya Shangani. Alizalisha wake wa masheikh na wake wa wachunga ngamia, na wote aliwakaripia sawasawa. Alipostaafu, watu walikataa kumstaafisha. Simu yake haikuzimwa. Siku moja tulikuwa tunanunua mkate, na mbele yetu amesimama bwana mzima, ndevu zina mvi, amejifunga kilemba chake vizuri. Mkunga akamwambia kwa sauti ya kusikiwa na duka zima, "Wewe ulitanguliza matako, na mpaka leo hujageuka." Watu wakacheka. Bwana yule naye akacheka, kwani utamjibu nini mtu aliyekuona kabla ya mama yako?

Mikono yake ilikuwa midogo, mikavu, kucha amezikata hadi kwenye nyama. Hakuvaa pete. Alikuwa akisema pete ni nyumba ya uchafu. Nilimwona akimpokea mtoto wa jirani aliyetaka kuzaliwa ndani ya gari, na mikono ile haikutetemeka wala haikuharakisha. Niliitazama vilevile ilipokuwa ikifanya kazi bustanini, na sikuona tofauti.

Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba, imezungukwa na ukuta wa matofali, upande mmoja mitende. Kiangazi kilipofika, mgeni angedhani ni kiwanja tu: mchanga umefunikwa makuti, ndoo zimepinduliwa, mpira wa maji umeviringishwa. Mkunga hakukanyaga huko tangu Mei mpaka Septemba. "Kiangazi ni cha mitende," alikuwa akisema. "Mimi wangu ni baridi." Maana kwetu maua laini, yale ambayo nchi nyingine huyapanda majira yao ya kuchipua, huwezi kuyaotesha mpaka joto livunjike. Unasia mbegu mwisho wa Septemba, chini ya wavu wa kivuli. Unahamisha miche Novemba. Januari na Februari bustani inawaka rangi, na Aprili jua linarudi kudai chake.

Maua ya kwao, asmini na kilua, hakuyapanda. Nilipomuuliza alisema, "Yale yalikuwa ya nyumba ya baba. Hayakunifuata, na mimi siyafuati." Alipanda petunia, na katifa ya manjano, na manthuri yenye harufu ya karafuu, na yale tuliyoyaita midomo ya samaki, ambayo ukiyabana mashavu yanafumbua kinywa. Penye mitende alifunga kamba, akapandisha maua ya jamii ya njegere, ya waridi na zambarau, laini kama vitambaa.

Kusia kulikuwa kama ibada. Mbegu za petunia ni vumbi. Ukipiga chafya umepoteza bustani. Alizichanganya na mchanga mkavu aliouchekecha, akazinyunyiza kwenye trei, na hakuzifunika kwa udongo. "Ukizifunika umezizika. Zinataka kuona." Udongo wenyewe alikuwa ameupika kwenye sufuria kuukuu ili kuua wadudu. Maji hakumwaga, alipulizia kwa chupa iliyokuwa ya marashi. Na hayakuwa maji ya kisima, maana kisima chetu kilikuwa na chumvi inayoacha ukoko mweupe juu ya ardhi. Alituma tumletee maji ya falaji, ule mfereji wa kale unaotoka mlimani, tukiyabeba kwa madumu mpaka mabega yanawaka.

Halafu, miche inapofikia urefu wa ukucha, ilikuja siku ya kupunguza. Alikuwa na koleo ndogo ya chuma aliyokuja nayo kutoka kazini. Aliniketisha karibu yake nitazame, akaikagua miche mmoja mmoja, akizungumza nayo kama wagonjwa waliopanga foleni.

"Huyu mwembamba." Akamng'oa. "Huyu shingo ndefu, anatafuta jua la wenziwe." Akamng'oa. "Huyu mzima, lakini kazaliwa karibu mno na mwenziwe." Akamng'oa.

Mwaka wa kwanza nilimwambia, "Mkunga, tuwapande kando hawa. Wakipona, wapone."

Hakuinua uso. "Kazini sikuruhusiwa kuchagua," alisema. "Hapa naruhusiwa."

Ua la kwanza la kila mche alilikata likiwa bado tumba, ili mche utoe matawi. Nilielewa sababu yake, na mpaka leo ndivyo ninavyofanya. Lakini yeye alilikata kwa namna iliyokuwa na raha ndani yake, akaliweka kiganjani, akalifumbua kwa ukucha kutazama lingekuwa rangi gani, kisha akalitupa.

Mimi nilizaliwa Oman, lakini kwetu ni watu wa Tabora. Nyumbani tulisema Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha shuleni na Kiingereza cha ofisini, na ngeli tulizitupa huko nyuma pamoja na mambo mengine. Kwa Mkunga hiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko kutokuvaa ushungi. Siku moja, wageni wamejaa, nikasema, "Mkunga, maua imechanua." Akanyamazisha watu kwa mkono.

"Maua yamechanua. Sema."

"Maua yamechanua."

"Tena. Umwambie na Bi mkubwa huyu, hakusikia."

Nikarudia mbele ya kila mgeni, sinia ya vikombe mkononi. "Kiswahili chake kina changarawe," aliwaeleza, "kama mchele wa ushirika. Mume anautafuna hivyo hivyo, maskini." Sasa niseme ukweli: Kiswahili hiki ninachokiandika ni chake. Alinifundisha kofi kwa kofi, na wazazi wangu walipokuja kunitembelea walisikia nikizungumza wakaona fahari.

Januari na Februari ndio uliokuwa msimu wake wa watu. Wanawake walikuja kutoka Sur na Mudhaibi kuja kuona maua, wakakaa kwenye mikeka kati ya matuta, kahawa na halwa zikizunguka. Mmoja, mke wa mtu mwenye nyumba ya wageni huko Ras al Hadd, ambako watalii huja kutazama kasa wakitaga, alikuwa mwema lakini mdomo wake hauna mlango. Akauliza, "Na mkazamwana wako, bado?"

Nilikuwa nimesimama pale pale.

"Huyu?" Mkunga alisema. "Huyu mwagilie kutwa, mwagilie kucha. Mchanga mtupu."

Walicheka nyuma ya shungi zao. Yule wa Ras al Hadd hakucheka. Alinishika mkono wakati nampa kikombe, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko cha wenziwe. Nilimimina kahawa mpaka birika likaisha. Kisha nikaingia jikoni, nikajaza jingine.

Mwaka wa tatu wa ndoa, siku zangu zilichelewa. Sikumwambia mume wangu. Alikuwa Sur kazini, akija nyumbani Alhamisi na kuondoka Jumamosi, na jambo kama lile sikutaka kulisema kwa simu. Nilimfuata Mkunga bustanini. Alikuwa anafunga vikonyo vya njegere kwenye kamba. Nikamwambia.

Mtu aliyezalisha mji mzima hakuniuliza zimechelewa kwa kiasi gani. Hakunigusa tumbo, hakunifunua jicho, hakuniuliza kama natapika. Alimaliza fundo lake.

"Ni baridi hiyo," alisema. "Damu huganda. Kafungue maji."

Damu ilikuja kabla ya mwisho wa wiki. Nililia chooni, na katika kilio changu nikastaajabu: mwanamke huyu ana ujuzi gani, hata kutazama hatazami, na anajua! Nilimheshimu zaidi kwa ajili ya siku ile.

Ndipo dawa zilipoanza. Alizipika mwenyewe: habasoda, uwatu, mvuje, na mizizi aliyoagiza mlimani. Kila asubuhi alisimama mbele yangu mpaka nimalize kikombe, na nikitapika alinipa kingine. Zilipokwisha dawa ulikuja moto. Kuna bibi mmoja katika vijiji vya Dima wa Tayyin anayetibu kwa kuchoma, na watu wanamwendea kwa mgongo, kwa kichwa, kwa kila kitu. Tulikwenda Ijumaa, mume wangu akiendesha, milima inatufinya huku na huku. Yeye alibaki nje na wanaume. Ndani, Mkunga ndiye aliyenishika vifundo vya mikono wakati bibi yule anatoa chuma kwenye makaa.

"Usipige kelele," aliniambia. "Utawatisha mbuzi."

Nilichomwa chini ya kitovu, mara mbili. Tulipokuwa tunarudi alimwambia mwanawe asimamishe gari penye zizi, kwa kuwa samadi ya mbuzi wa mlimani haina chumvi. Walipakia magunia kwenye kiti cha nyuma, pembeni yangu, na njia nzima mpaka Ibra nilikuwa nimeliegemea gunia ili kitambaa cha nguo kisiguse tumbo. Mbele, mama na mwana walikuwa wanabishana juu ya bei ya samaki. Mwaka ule manthuri yalichanua kama hayajawahi kuchanua.

Sasa, ningekuwa namzulia ningeishia hapo. Lakini Mkunga hakuwa mtu wa rangi moja, na hilo ndilo lililonichosha zaidi, maana mtu mbaya mtupu unamzoea.

Karibu na soko palikuwa na fundi cherehani, Mpakistani, aliyemleta mkewe kwa shida. Mwanamke yule alizaa mtoto ambaye hakulia. Fundi alikuja mlangoni kwetu mchana wa Ijumaa, ameshika kofia tu. Mkunga aliondoka na kanga yake ya nyumbani. Baada ya muda akarudi, akapita moja kwa moja bustanini, akachukua kisu, akakata tuta zima la manthuri meupe. Mimi niliwahi kupigwa kibao cha mkono kwa kuchuma moja. Akayakumbatia yote akatoka nayo, na mimi nikamfuata na ndoo ya maji.

Alimwosha mtoto yule mwenyewe. Aliketi sakafuni na mama yake, ambaye hakujua Kiarabu wala Kiswahili, akamlaza kichwa pajani, akamwimbia kwa sauti ya chini kitu cha Unguja ambacho sikuwahi kukisikia kabla wala baadaye. Maua aliyapanga kumzunguka mwanamke, si maiti. Tulipokuwa tunarudi mikono ya nguo yake ilikuwa imelowa, na macho yake pia. Moyo wangu ulimfungukia. Nikasema, "Mungu akulipe, Mkunga. Na mimi natamani siku moja uniimbie hivyo."

"Wewe yanakuhusu nini?" alisema. "Yule kazaa."

Mume wangu alikuwa mtu laini. Simlaumu sana, alilelewa katika mikono ile, na mikono ile ilikuwa imempunguza kila kitu kilichotaka kuota upande. Alinipenda kwa siri, kama mtoto anayekula utamu kabla ya chakula. Akiwa nami chumbani alinishika vidole, na mlango ukigongwa aliviachia. Nilipokwenda kupimwa, daktari aliniambia hanioni na tatizo, nimlete mume naye apimwe. Nilisema hayo jioni, wali uko mbele yetu. Yeye akamtazama mama yake.

"Mwanangu nimemzaa mimi na kumlea mimi," Mkunga alisema. "Hana ila. Mwambie daktari wako atafute vizuri."

Mume wangu akarudisha macho kwenye sahani, akaendelea kula.

Yako mengine madogo ambayo hayana mahali, na nayasema kwa kuwa nisipoyasema hatokamilika. Hakula mbele ya mtu mwenye njaa. Hakuwahi kusengenya, baya lako alikwambia usoni. Alipenda redio yenye kelele za hewa, akaikataa mpya tuliyomnunulia. Alikuwa akiogopa nzige kuliko nyoka. Paka akizaa ndani ya ukuta wake alimlisha samaki mpaka watoto wafumbue macho, halafu akawafukuza wote kwa mpira wa maji.

Na mwisho wa kila msimu alifanya jambo ambalo jirani zetu hawakulizoea kamwe. Hakuyaacha maua yafe. Upepo wa joto wa kwanza unapovuma, bustani bado imejaa, watu bado wanakuja, yeye alipiga magoti akang'oa kila kitu, petunia zikiwa wazi, nyuki wakiwa juu yake. "Usingoje ua likuaibishe," alikuwa akisema. "Ling'oe lingali linasifiwa."

Ilikuwa siku ya kung'oa. Yeye yuko chini, mimi nimesimama na kapu. Alitupa petunia ya zambarau, akatupa nyeupe, akasema bila kugeuka:

"Ijumaa mwanangu anaoa."

Sikuelewa. Nikauliza, "Nani?"

"Nina wangapi? Binti wa watu wa Sur. Mdogo, kiuno kipana. Shika kapu vizuri, unamwaga."

Kapu lilikuwa limeinama kweli, na maua yanaanguka miguuni mwangu. Nikalinyoosha.

"Yeye mwenyewe kasema?"

"Mimi ndiye ninayesema." Akang'oa mwingine, akautikisa mchanga mizizini. "Hutotoka. Chumba chako ni chako. Kuna kazi ya watu wawili hapa."

Nilishika kapu mpaka tuta lile likaisha. Sijui kwa nini sikuliweka chini. Nadhani nilikuwa nimefundishwa vizuri.

Binti wa Sur alikuja, na alikuwa mwema. Aliniita dada, akaniamkia, akanifuata jikoni akiuliza sukari inakaa wapi. Nilivumilia kiangazi kimoja. Kabla ya siku za kusia niliomba talaka, na mume wangu akanipa akilia. Nilipofunga sanduku langu, Mkunga aliingia, akalifungua, akapekua nguo mpaka chini, akakuta karatasi niliyoikunja yenye mbegu za petunia nilizoziokota mwenyewe kutoka kwenye vikonyo vikavu.

"Hizi za bustani yangu," alisema, akazitia mfukoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yake.

Nilihamia kwa kaka yangu, mjini Nizwa. Alikuwa na gereji kule Firq, na nyuma ya gereji uwanja mtupu wenye vyuma vya magari. Nilimwomba kona. Nilianza na trei chache na wavu, baina ya makelele ya nyundo na harufu ya oili, na leo nina kitalu cha miche, mashtal kama tunavyosema huku, na watu wa Nizwa wakitaka maua ya baridi wanakuja kwangu. Napika udongo. Napulizia maji. Nakata tumba la kwanza. Mteja mmoja aliniuliza nimesomea wapi, nikamwambia Ibra, kwa bibi mmoja. Akasema bila shaka alikuwa akinipenda sana.

Niliolewa tena, na mtu mkimya mwenye duka la vipuri, aliyefiwa na mkewe. Hatukuwa na haraka ya lolote. Nilidhani tumbo limevimba kwa gesi. Daktari aliponionyesha moyo unaopigapiga kwenye kioo, nilimwambia aangalie tena, labda amewasha mashine ya mtu mwingine.

Tumbo lilikuwa limeshanitangulia nilipopata habari kwamba Mkunga ameanguka, amevunjika nyonga, hainuki. Mume wangu aliuliza, "Unakwenda kufanya nini kule?" Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua. Nilipakia trei moja ya petunia, nikaendesha gari mwenyewe, Februari ile, jua la asubuhi mbele yangu.

Aliyenifungulia ni mke mwenzangu wa zamani. Msichana wa kiuno kipana alikuwa amekauka, nywele za mbele zimeanza mvi, mikononi harufu ya dawa ya kufulia. Alitazama tumbo langu, akanikumbatia kwa muda mrefu, akaniongoza ndani. Hapakuwa na kiatu cha mtoto kibarazani.

Kitanda cha Mkunga kilikuwa kimesogezwa dirishani, na nje ya dirisha bustani imechanua yote. Mke mwenzangu alikuwa akiifanya kazi yote peke yake, Mkunga akimpigia kelele kutoka kitandani. Uso wake ulikuwa umeingia ndani, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, Mkunga."

"Njoo hapa."

Hakuniitikia. Aliniwekea mikono tumboni, juu, chini, ubavuni, akabana kidogo, akasubiri. Hakuna mikono iliyonigusa kwa upole kama ule, si kabla yake wala baada yake. Nilijikuta nimefumba macho.

"Kichwa bado kiko juu," alisema. "Kitashuka. Lala ubavu wa kushoto. Trei hiyo rudi nayo, sina pa kuipanda." Kisha akamwambia mwenzangu, "Kapike kahawa. Ipike vizuri, usiilete mbio."

Hatua zilipofika jikoni aliniambia niketi.

"Nilijua utazaa," alisema.

"Ulijua?"

"Wewe hukuwa na ila. Mwanangu ndiye. Alipata matubwitubwi mvulana ameshabaleghe, mashavu yamemvimba hivi, halafu yakamshukia chini. Mimi ndiye niliyemkanda. Nimeona wangapi wa namna ile waliokosa mtoto? Nilijua kabla sijakutolea posa."

Nje, nyuki walikuwa kazini. Niliuliza kitu cha kipumbavu kabisa. "Na yeye anajua?"

"Nilimwambia ni homa."

"Dawa zile, Mkunga? Dima? Ulinishika mikono."

"Watu walikuwa wanauliza. Ilibidi waone tunatafuta." Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini amehamisha tuta. "Ningefanya nini? Nimwaibishe mwanangu? Wewe ulikuwa mtoto wa watu."

"Basi mbona unanambia leo?"

"Kwa sababu una tumbo. Ibra watakuona, na watajumlisha. Ukiulizwa, sema ulikwenda India ukapasuliwa, ukapona. Huyu aliye jikoni nimeshamwambia hivyo."

Kahawa ikaja. Mwenzangu alimkalisha Mkunga, akamfuta mdomo, akamshikia kikombe, akapokea lawama kwamba hiliki imezidi. Nilikunywa changu. Sikumuaga Mkunga, wala yeye hakutaraji. Alikuwa ameshageukia dirisha, anatoa amri juu ya njegere.

Mwenzangu alinisindikiza mpaka langoni. Alitazama nyuma, akanisogelea.

"Dada, usinifiche. India ulikwenda kwa daktari gani? Mkunga kasema walikupasua tu, basi. Na mimi napelekwa mwezi ujao." Alijishika tumbo juu ya kanga. "Naogopa kisu, wallahi. Lakini ukinambia uliona faida, ntakwenda."

Nilitafuta namna laini ya kulisema. Haikuwapo. Nikamwambia sikuwahi kwenda India. Nikamwambia matubwitubwi, na homa, na nani alijua tangu lini. Nilimwambia yote tumesimama pale, jua linatuchoma, na alisikiliza bila kunikatiza, kama anayesikiliza maelekezo ya njia.

"Kila asubuhi mimi ndiye ninayemwosha," alisema mwishoni.

Ndani, Mkunga akaita. Ilikuwa saa ya kugeuzwa; ubavu ule mmoja haumudu, na mwenyewe hawezi kujigeuza. Akaita tena, jina kamili, kwa sauti ile ya kuzalishia.

Mwenzangu hakugeuza kichwa. Alivua kandambili zake, akazipanga pamoja, akaketi kwenye ngazi ya langoni, mikono magotini.

Niliingia garini. Niliteremsha kioo. Mkunga alikuwa sasa anaita bila kupumzika, na sauti ilikuwa imeanza kupanda kwa maumivu, na mwanamke aliyeketi ngazini alikuwa akitazama barabara, uso wake umetulia kabisa.

Nilipofika kwenye lami nilikuwa bado namsikia.